Miaka Niliyolipwa Kunyamaza

Wenzangu mnaobaki kwenye kile chumba, feni haijafa. Ipigeni ngumi upande wa kushoto, chini kidogo ya kibandiko cha mradi uliotuletea, itazunguka mpaka adhuhuri. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo pekee la kazi yetu ambalo nina hakika nalo. Mengine yote ya tiba hii ya maongezi nimejifunza nusu, na nusu yenyewe nilianza kwa kuielewa kinyume. Mmeniomba niandike kabla sijasahau. Ahsanteni kwa kunikumbusha kwamba nitasahau.

Nilikuwa muuguzi wa vidonda. Kazi nzuri ile. Kidonda unakiona, unakisafisha, kikipona kinapona mbele ya macho yako, na mwenyewe anakushukuru. Halafu diretori wetu wa hospitali hapa Palma akarudi kutoka mkutanoni Pemba na habari kwamba kila wilaya iwe na mtu wa afya ya akili. Wafanyakazi wakaitwa wachague. Siku hiyo mimi nilikuwa upande wa Tungue kumzika ami yangu. Niliporudi nikakuta nimeshinda kwa kura zote, kama wanavyoshinda wote wasiokuwepo.

Nilipewa stoo ya vyandarua. Ndani mlikuwa na benchi moja, kitanda cha kujifungulia kilichovunjika mguu, na katoni la vidonge. Mafunzo yangu ya kwanza diretori aliyatoa akiwa amesimama mlangoni: wanaopiga kelele uwape vidonge watulie, waliokaa kimya uwape vidonge waongee. Nikaangalia ndani ya katoni. Vidonge vilikuwa vya aina moja. Miaka kadhaa nilifanya kazi hivyo, na sikuona mtu yeyote akilalamika, labda kwa sababu wote walikuwa wamelala.

Kisha vikaja vita, ambavyo sitavisimulia. Kila mmoja wenu anavyo vyake. Nilikimbia kama walivyokimbia wengine, nikarudi kama walivyorudi wengine, nikakuta chumba kipo, katoni halipo, na benchi limegeuzwa kuni. Watu waliokuja kwangu sasa hawakupiga kelele wala hawakukaa kimya. Walikuja na mgongo, na kichwa, na moyo unaokwenda mbio, na tumbo lisiloonekana kwenye kipimo chochote. Hapo ndipo mradi ulipotukumbuka. Miradi ina kumbukumbu nzuri sana baada ya jambo kutokea.

Tuliitwa Pemba, kwenye ukumbi wenye baridi ya kutosha kuhifadhia samaki. Mwalimu wetu alikuwa dotora Graça, mwanasaikolojia kutoka Maputo, mama mfupi, miwani yake ikining'inia kwa kamba, asiyejua neno la Kiswahili ila "polepole", ambalo aliwaambia madereva bila mafanikio. Alitufundisha kwa Kireno kitu kinachoitwa tiba ya saikodinamiki. Nitawafupishia. Mtu hubeba ndani yake jambo asilolijua au asilotaka kulijua. Jambo hilo halitulii. Hutoka kwa ndoto, kwa maradhi, kwa ugomvi. Likikosa pa kutokea, litatokea kwa namna mgonjwa anavyokutendea wewe uliyekaa mbele yake, na kazi yako ni kuliona. Ili ulione unatakiwa uwe mahali pale pale, siku ile ile, saa ile ile, dakika hamsini, mlango umefungwa. Usitoe ushauri. Usijisimulie. Usipokee zawadi. Usikimbilie kumfariji mtu kwa sababu tu wewe umechoka kumsikia akilia.

"Na zaidi ya yote, Bakari," aliniambia, maana nilikuwa nimeinua mkono mara nyingi, "nyamaza. Kunyamaza nako ni kazi."

Nilifurahi sana. Mke wangu alikuwa amenilaumu kwa kazi hiyo hiyo miaka yote ya ndoa yetu, nami nikiifanya bure.

Kwenye picha za mafunzo mgonjwa alikuwa amelala juu ya kochi zuri, na mtaalamu amekaa nyuma yake na miguu imepandana. Mimi nilikuwa na kitanda cha kujifungulia. Nilimwonyesha mgonjwa wangu wa kwanza, mvuvi mzee, nikamwambia kwamba akipenda anaweza kujilaza. Alikitazama kitanda, akanitazama mimi, akasema, "Bakari, mie kichwa ndo kinaniuma." Tangu siku hiyo tumetumia viti.

Lile la "usijisimulie" likafa siku hiyo hiyo. Mvuvi huyo alikuwa jirani wa bibi yangu, amenijua tangu nikikojoa kitandani. Kila nilipomuuliza habari za baba yake, alinijibu kwa habari za baba yangu, na nyingine zilikuwa mpya kwangu. Akanisimulia ndoto, nikamuuliza kama nilivyofundishwa, "Wewe ukiifikiria, inakujia nini?" Aliondoka akawaambia watu barazani kwamba Bakari wa hospitali analipwa mshahara kuuliza maswali ambayo hajui majibu yake. Sijapata kusikia maelezo bora ya kazi yetu.

Kila wiki nilimpigia dotora simu ya usimamizi. Usimamizi ni hivi: unamweleza mkubwa wako kilichosemwa, neno kwa neno, naye anakuonyesha ulichokikalia bila kukiona. Msiache kamwe, hata mkizeeka kazini. Mtandao ulipatikana nyuma ya tangi la maji la hospitali, mahali ambapo wanawake hufulia. Siri za wagonjwa nilizisema kwa Kireno na kwa sauti ya chini, nao wanawake wakafua kwa sauti ya chini. Mgonjwa aliponiletea pweza, dotora aliniuliza pweza anamaanisha nini. Nikamwambia anamaanisha kwamba maji yalikupwa. Mwanamke mmoja aliponiita baba, dotora alifurahi mpaka nikasikia miwani ikigonga simu.

"Umeona? Huo ndio uhamisho wa hisia! Yaliyokuwa ya baba yake ameyaleta kwako!"

"Dotora," nikamwambia, "huku hata muuza vitumbua ananiita baba. Asiyekuita kwa jina la undugu ndiye wa kumwogopa."

"Hilo liweke vizuri," akasema. "Tutalihitaji."

Sikulielewa. Nilidhani anajitia kuelewa, kama sisi sote tulivyofanya katika ule ukumbi wa samaki.

Sasa niwaelezeni habari za Mwanasha. Jina hilo si lake. Ameniruhusu nisimulie kwa sharti nimpe jina zuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mtu wa Olumbi, msuka mikeka tangu utotoni, na mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa. Ulining'inia tu. Madaktari walimchoma vidole kwa sindano, wakampiga picha, wakasema hana kitu, na kwa kuwa hana kitu wakamleta kwangu. Alifuatana na mama mkwe wake, Bi Atija, ambaye tangu wakati wa kukimbia alikuwa akikaa naye nyumba moja hapa Palma. Aliyezungumza ni Bi Atija.

"Mwanangu Sumaila, mume wa huyu, alitoka kwenda Diaca siku ile mambo yalipoharibika njiani. Hajaonekana tena. Shekhe kasema muda wa kumngoja ntu aliyepotea umetimia. Tunataka huyu akae eda, tumsomee Sumaila wetu hitima, nami nimlilie mwanangu. Hataki. Kila nikimwambia, nkono unazidi kufa. Basi mwambie wewe."

"Nimwambie nini, mama?"

"Kwamba kafa."

Mwanasha alitazama sakafu. Hakuwa mke, hakuwa mjane. Na Bi Atija hakuweza kumlilia mwanawe, kwa sababu kumlilia mtu ambaye mkewe bado anamngoja ni kama kumtakia kifo. Wanawake wawili walikuwa wakipika kwenye jiko moja na kumtegea sikio mtu mmoja, huyu amsikie anarudi, yule asikie kwamba harudi tena, ili apate kulia. Mimi ndiye niliyetakiwa kulimaliza jambo hilo kwa sentensi moja. Shekhe alikwisha isema. Mashemeji walikwisha isema. Diretori naye alinishauri niiseme, maana ingepunguza foleni.

Kwanza tuligombania mlango. Dotora alitaka ufungwe. Bi Atija alitaka kujua ni tangu lini mkamwana wake anafungiwa chumbani na mwanamume asiye maharimu wake. Wote wawili walikuwa na haki, jambo linalochosha kuliko yote katika kazi hii. Mwishowe tulikubaliana juu ya pazia, nikalikata kwa mkono wangu likaishia magotini. Bi Atija alitandika mkeka mwisho wa veranda, mahali pa kuona miguu bila kusikia maneno. Miguu miwili ya Mwanasha, miwili yangu, na nafasi ya heshima katikati. Katika vitabu vya dotora hamna mlango wa namna hiyo, lakini msiubadilishe.

Tulikutana kila Jumatatu saa nne asubuhi. Mwanasha alizungumza juu ya bei ya unga, foleni ya bombani, mbuzi wa jirani anayekula kanga zilizoanikwa. Sumaila hakumtaja. Mimi aliniita kaka Bakari, na mkono wake ulilala mapajani kama mzigo aliowekewa na mtu mwingine. Nilinyamaza kwa bidii zangu zote. Nilikuwa najiona hodari.

Kisha nikaitwa Pemba kwa mafunzo mengine. Mwisho wa saa yetu nilimwambia kwamba hatutaonana wiki chache. Akasimama, akafika kwenye pazia, akageuka. "Haya kaka, safari njema. Niwie radhi."

Kwa nyinyi mliopangiwa kazi huku kutoka Beira na Nampula: hapa kwetu watu hawaachani kwa safari bila kuombana radhi. Anayekwenda anaomba na anayebaki anaomba, kwa sababu hakuna ajuaye kama wataonana tena. Jibu ni neno moja, radhi. Mtoto anayeanza kusema analijua. Asiyelijibu hahesabiwi kuwa amesahau. Anahesabiwa kuwa amesema: nenda, lakini sijakusamehe.

Nami nililijua hilo vizuri kama ninavyolijua jina langu. Lakini dotora alikuwa ametufundisha kwamba maneno ya mlangoni, yanayosemwa saa ikiwa imekwisha, ndiyo mazito kuliko yote, na hayajibiwi papo hapo. Yanawekwa yazungumzwe siku nyingine. Basi nikalitambua neno zito. Nikajisifu kimoyomoyo kwa kulitambua. Nikaliweka. Nikainua macho kwenye saa ya ukutani kwa uso wa kiofisi, kama mtu wa benki aliyekwisha funga dirisha. Mwanasha alisubiri. Kisha miguu yake ikatoka chini ya pazia.

Niliporudi hakuja. Jumatatu iliyofuata hakuja vilevile. Alipokuja, alikaa, akajifunika vizuri, akasema, "Habari za kazi, dotori."

Dotori. Si kaka, si Bakari. Dotori, kama wanavyoitwa watu wanaoshuka kwenye ndege. Saa nzima hakusema jambo jingine.

Nilikimbilia nyuma ya tangi. Dotora Graça alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Alipokuomba huo radhi, huko kwenu watu hujibu nini?"

"Hujibu radhi."

"Na wewe ulijibu nini?"

"Ulisema tunyamaze."

"Nilisema msitoe ushauri, Bakari. Sikusema mkose adabu." Kisha akaniuliza, "Unakumbuka ulivyoniambia juu ya asiyekuita ndugu? Basi huyo sasa ndiye uhamisho wako. Usiende kumwangukia miguuni ili wewe upumue. Kiri ulilolifanya, halafu mwache akuambie limemfanya nini. Nahisi ukimya wa namna hiyo anaujua kutoka mahali pengine."

Nilipokata simu niligundua kwamba wanawake wameacha kufua. Mmoja wao, bila kuinua kichwa kwenye beseni, akasema hata yeye angeacha kuja. Kumbe miaka yote ile walikuwa wanasikia Kireno vizuri kuliko mimi. Basi hilo nalo mlijue: ile siri yetu ya kitaalamu ilikuwa inafuliwa na kuanikwa kila wiki. Tafuteni tangi lingine.

Jumatatu nilimwambia Mwanasha maneno machache tu. "Ulinipa neno la kuagana. Mimi nikanyamaza."

Akaacha kutazama sakafu.

"Nikakuomba radhi, ukatazama saa," alisema. "Nilitoka hapa kama niliyepigwa kofi. Nimefika nyumbani nikasema, kumbe ndivyo. Kumbe hivi ndivyo alivyosikia Sumaila."

Akasimulia. Sumaila alikuwa na mke wa pili Diaca, aliyemwoa bila kumwambia mkewe. Habari zilimfikia Mwanasha kwa watu wa lori. Asubuhi ile alikuwa anakwenda huko. "Kavaa shati jipya. Mimi niko barazani, nasuka. Akaja akasimama mbele yangu. Akasema, Mwanasha, naenda, niwie radhi. Akanipa nkono. Nami nasuka tu, kaka. Sikuinua kichwa. Nkono huu sikuutoa kwenye ukili wa mkeka. Akasimama vile vile, nkono kaunyoosha, mpaka lori likapiga honi."

Alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia. Nami niliutazama. Hakukuwa na haja ya mtu kufasiri chochote, na nawaomba mkiwa mahali kama hapo msijifanye mnafasiri.

"Sasa mnaniambia nikae eda," akaendelea. "Nikikaa eda, basi kafa. Na kama kafa, kaenda bila radhi yangu, na mimi nimebaki bila yake. Akiwa hai bado naweza kumpa."

Nilikuwa na sentensi tamu kwenye ncha ya ulimi: alikusamehe, dada, hakika alikusamehe. Nilisafisha vidonda miaka mingi, najua raha ya kufunga bendeji. Lakini raha hiyo ingekuwa yangu. Dotora alilisema baadaye kwa maneno yake: "Nani amekupa ruhusa ya kusamehe kwa niaba ya Sumaila? Hilo ndilo lililombakia mkewe. Na wewe unataka kumnyang'anya kwa upole." Nilimchukia kwa siku nzima. Kisha nikaona amesema kweli, jambo alilokuwa na tabia nalo.

Badala ya sentensi tamu niliuliza swali ambalo shekhe, mashemeji na diretori hawakulifikiria, kwa kuwa wote walikuwa wanaume kama mimi. "Asubuhi ile unasuka, ulikuwa na hasira?"

La, hakuwa na hasira hata chembe. Mume ni mume, dini inaruhusu, wanawake wangapi wana wake wenza. Tulikaa juu ya "la" hiyo miezi mingi. Wanaowaambieni kwamba tiba hii ni ya haraka wanawauzia mafunzo. Halafu Jumatatu moja, akiwa anazungumza juu ya yule mbuzi wa jirani, sauti yake ikapanda.

"Aliniomba radhi ya nini? Ya kwenda kwa nke mwenzangu! Alitaka na chakula cha njiani nimfungie? Nimshikie na shati?"

Sauti ilipita pazia, ikapita veranda, nikasikia mlango wa diretori ukifunguliwa na kufungwa. Alimtukana Sumaila kuanzia kofia mpaka ndala, akalia, akamtukana tena. Nami nikaona miguu ya Bi Atija imekuja kusimama chini ya pazia. Nikajua leo tiba imekwisha, mama hawezi kusikia mwanawe aliyepotea akitukanwa hivi. Miguu ilisimama pale. Kisha ikageuka ikarudi mkekani.

Wakati wa kuondoka Bi Atija alinivuta pembeni. "Alikuwa hivyo hivyo tangu mdogo," akaninong'oneza. "Anakosa, halafu anakuja kukuomba radhi na shati safi." Akajifuta pua kwa ushungi wake.

Baada ya hapo mkono ukaanza kuiba. Nasema kuiba kwa sababu mwenyewe hakujua. Akiwa katikati ya maneno, vidole vya kulia viliteremka ubavuni mwa kiti, vikakuta uzi wa ukindu umechomoza, vikaanza kuufumua. Kiti changu kizuri, kazi ya Olumbi! Kikawa kinafumuka Jumatatu baada ya Jumatatu. Ningeweza kupiga kelele, "Mkono wako huo!" na kumwita diretori aje ashangae, na mkono ungekufa tena papo hapo. Nikanyamaza. Ukimya wangu wa kwanza ulikuwa wa kunifanya mimi nionekane mtaalamu. Huu wa pili ulikuwa wa kumwachia yeye nafasi. Kwa nje vinafanana kabisa, na sijui namna ya kuwafundisha tofauti yake. Mtakosea kwanza, kisha mtajua. Dotora aliniuliza kiti kinamaanisha nini. Nikamwambia kinamaanisha kwamba karibu mgonjwa atakaa chini.

Siku moja alikuja na ukindu mpya ndani ya mkoba, akaketi kwenye kigoda, akaanza kukitengeneza. Ule usukaji ulikuwa mbaya. Ulipinda, uliachana, mtoto angesuka vizuri zaidi. Kiti hicho bado mnacho, na mgeni yeyote akikaa hulalamika. Msimpe fundi.

Ilipokaribia siku ya kustaafu kwangu nilimwambia Mwanasha mapema, kama inavyotakiwa, ili kuachana kwetu nako kupate kuzungumzwa. Alikasirika, kisha akanicheka, kisha akanieleza bei ya unga wiki mbili mfululizo. Jumatatu ya mwisho alikuja amevaa kanga mpya.

"Ijumaa naingia eda," akasema. "Mama sijamwambia. Nilitaka kuagana na wewe kwanza, kwa sababu nikiingia sitoki, na nikitoka hutakuwepo."

"Na radhi ya Sumaila?"

"Sijaipata. Na yangu hajaipata. Lakini nimechoka kumngoja nimesimama, kaka. Acha nimngoje nimekaa."

Nilikuwa na mengi ya kusema. Namshukuru Mungu sikuyasema.

Dakika zikaisha. Akasimama, akafika kwenye pazia, akageuka. "Haya kaka Bakari. Niwie radhi."

"Radhi, dada," nikajibu, haraka mpaka nikaona aibu. "Radhi kabisa. Nawe niwie radhi."

Akanyamaza.

Akainua macho kwenye saa ya ukutani, akaitazama kwa uso wa kiofisi, ule ule wangu. Hata nyusi alizipatia. Nikasimama nasubiri, mtu mzima mwenye mvi. Niliogopa kweli. Halafu akacheka.

"Inauma, eh?" akasema. Akavuta ncha ya kanga kwa mkono wa kushoto, akaufunika nayo mkono wa kulia, kama wanawake wa huku wanavyofanya wakimpa mkono mwanamume asiye ndugu yao, akaunyoosha kwangu. "Radhi, kaka."

Niliushika. Ndani ya kanga vidole vilifumba, vikakaza mpaka vikaniumiza. Nililia, na sitawaambia kwamba ni vumbi la feni.

"Bakari!" Bi Atija aliita kutoka mkekani. "Mbona miguu imesogeleana?"

"Tunaagana, mama," Mwanasha akajibu, bado hajauachia mkono. "Ijumaa nakaa eda."

Kisha Bi Atija, ambaye miezi yote ile alikuwa ameketi pale akichunga miguu yetu, akaanza kumlilia mwanawe kwa sauti, akimtaja jina. Mwanasha akatoka, akaketi kando yake, akamkumbatia kwa mikono yote miwili. Mgonjwa wa saa tano alikuwa amekwisha fika, amesimama ngazini hajui aje au arudi. Nikamwambia asubiri.